Mjomba, kwani wewe ndo Scofield?

Jumamosi usiku, sebuleni, feni inazunguka kivivu, mimi nimeshika pedi na nimejibanza nyuma ya maboksi kwenye korido ya jela. Askari anapita. Nahesabu hatua zake. Mpwa wangu wa miaka 11 amelala kifudifudi kwenye zulia anatafuna karanga, muda wote huo alikuwa kimya kabisa hadi nikasahau kama yupo, afu akauliza bila hata kugeuza shingo:

"Mjomba, kwani wewe ndo Scofield?"

"Hapana."

"Si ndo yule unayemsifiaga kila siku?"

"Ndo huyo. Ila hapa mimi siyo yeye. Yeye yuko kule mbele, mimi namfuatilia."

"Sasa wewe ni nani?"

Nikageuka nimjibu, askari naye akageuka. Akaniona. Gemu ikanirudisha mwanzo wa korido, nyuma ya maboksi yaleyale, askari yuleyule anapita kwa hatua zilezile.

Dogo akarudi kwenye karanga zake. Mimi hilo swali nimetembea nalo wiki tatu. Kwenye daladala, kazini, hadi msikitini, Mungu anisamehe. Sasa naliandika hapa labda litanitoka.

Tom nani?

Prison Break yenyewe, ile sizoni ya Kimarekani ya Michael Scofield anayejifungisha ili amtoroshe kaka yake Lincoln jela, siwaelezei zaidi. Kama wewe ni wa kizazi chetu na hujaiangalia, basi ulikuwa huna deki wala jirani mwenye deki, pole sana.

Gemu inaitwa Prison Break: The Conspiracy, ilitoka Machi 2010, ya PS3, Xbox 360 na kompyuta, ikatengenezwa na jamaa wa Slovenia wanaitwa ZootFly. Mimi nimeikuta juzijuzi tu kwenye PS3 ya mtumba niliyonunua Kariakoo, ilikuja na magemu kibao ndani, nashuka chini kwenye listi natafuta mpira nikaona jina lile. Mapigo ya moyo yalibadilika kabisa, sitanii. Nikaacha mpira.

Kwenye gemu hii wewe siyo Michael Scofield. Wala siyo Lincoln. Wala Sucre, mwenzake Michael wa selini, ambaye mimi ningemkubali tu. Wewe ni jamaa anaitwa Tom Paxton, mtu wa Company, lile kundi la siri, wale wabaya wetu, ametumwa aingie jela ya Fox River akijifanya mfungwa ili achunguze kwanini injinia mzima, asiye na rekodi yoyote chafu, ameenda kuvamia benki mchana kweupe ili afungwe jela moja na kaka yake anayesubiri kiti cha umeme. Na uhakikishe huyo kaka anakalia hicho kiti.

Tom Paxton. Sizoni ya kwanza ina episodi 22, nimeirudia mara nne, na huyu mtu sijawahi kumuona hata akipita na sahani ya chakula kule nyuma.

Ilivyotoka nayo ni stori. Kampuni iliyotaka kuitoa mwanzo ilikuwa inaitwa Brash Entertainment, ikafa mwishoni mwa 2008, gemu ikabaki yatima hadi Deep Silver wakaiokota. Huku nyuma sizoni ya nne ikaisha Mei 2009, watu tukalia, tukafuta machozi, tukaendelea na maisha. Gemu inafika 2010. Ni kama mgeni anayekuja na zawadi yake wakati watu wanakunja maturubai na sufuria zimeshaoshwa.

Ila nisiwe mchoyo. Sauti nyingi ni za waigizaji wenyewe. Mara ya kwanza Wentworth Miller, Scofield mwenyewe, anafungua mdomo, ile sauti yake ya chinichini kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala, nilipause nikacheka peke yangu. T-Bag, yule mfungwa muuaji, ni Robert Knepper mwenyewe, na anakera vilevile kama zamani. Jela nayo wameipatia: vizimba vya ghorofa ghorofa, uwanja, zile ngazi za kukalia. Dakika 20 za mwanzo nilikuwa nimerudi Mbagala, 2007.

Deki ya braza

Kaka yangu ni fundi bomba. Hii kumbukeni, tutairudia.

2007 alikuwa amepanga chumba kimoja Mbagala, ana tivii ya chogo na deki ya Kichina iliyokuwa inasoma hadi CD zilizokwaruzwa, na kila jioni akitoka kazini watu wanajaa. Wanaume watu wazima wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Dirishani vichwa. Sizoni nzima kwenye CD moja, picha inaganda, na sabtaito zilizoandikwa na mtu ambaye naamini kabisa alikuwa hasikii Kiingereza wala hakuwa anaangalia muvi ile tunayoangalia sisi.

Tabia yake mbaya: anapause. Watu roho juu, yeye anapause, anasogea kwenye tivii na kidole, anaanza kutoa semina. Ukuta huu mbona mwembamba. Lile sinki huwezi kulitoa kwa skrubu moja. Watu wanamzomea weee, anakaa.

Siku aliyocheka zaidi ni ile ya dawa. Mnaikumbuka, Michael anachanganya makemikali yake, anayaingiza zahanati kwenye tyubu kama ya dawa ya meno, kila akienda kuchomwa sindano ya kisukari kwa Dokta Sara anaminya kidogo kwenye tundu la kutolea maji sakafuni, ili lile bomba la chini liliwe na kutu taratibu, wakija usiku wanalivunja kirahisi. Mtaa mzima tulikuwa tumeshika vichwa kwa akili ya huyu mtu. Braza akapause.

"Bomba la chuma likianza kuoza hivyo si litavuja? Na likivuja huko jela si wana fundi?"

Tukamwambia atulie. Akatulia. Akabonyeza play na tabasamu la mtu aliyemeza siri.

Mnajua kilichotokea. Usiku wa kutoroka, wamechimba, wametambaa huko chini, wamefika, Michael anagusa bomba. Jipya. Nene. Limebadilishwa.

Chumba kizima kimya. Mama mmoja dirishani akasema "Yesu wangu." Na kaka yangu akasimama katikati ya chumba, mikono juu kama amefunga goli fainali, akasema maneno ambayo ukoo wetu unayo hadi leo:

"Aliyebadilisha hilo bomba ndo mwanaume pekee anayefanya kazi kwenye hiyo jela!"

Ukionekana umekwisha

Turudi kwenye gemu.

Kazi yako kubwa ni kunyata. Unatumwa na huyu, unatumwa na yule, kamletee fulani kitu fulani, pita kwenye tundu la hewa, chutama gizani, subiri askari ageuke, vuka. Katikati hapo kuna vitufe vya ghafla, gemu inakuonyesha kitufe unabonyeza haraka, ukikosea umeanguka. Na kuna ngumi. Ngumi ni za kawaida sana, ya haraka, ya nguvu, na kukinga, baada ya mapigano matatu umeshawajulia wote. Uwanjani kuna vyuma vya kunyanyua na begi la kupiga ili uongeze nguvu. Hela unayoshinda kwenye ngumi unaweza kwenda kuchorwa tatuu.

Hapo kwenye tatuu niliweka pedi chini kwanza.

Kwenye sizoni tatuu ndo kila kitu jamani. Ile ni ramani ya jela nzima kwenye ngozi ya mtu, ni maumivu aliyoyalipia kabla hata hajaingia. Hapa unachagua kama unachagua kava la simu. Nikajichora mkono mzima. Hakuna mlango uliofunguka.

Ila kilichonichosha zaidi ni kule kuonekana. Askari akikuona tu, imeisha, rudi mwanzo. Hakuna kudanganya kwamba umepotea njia, hakuna kuhonga, hakuna kukimbia. Umeonekana, haikutokea, anza upya. Korido moja niliirudia mara tisa, nikawa namjua askari kuliko shemeji zangu.

Mara ya saba hivi ndo nikakumbuka ule mgongo.

Mnakumbuka Michael alipovaa nguo za askari akapita kule chini kwenye mabomba ya moto, mlinzi akatokea, ikabidi ajibanze? Alijibanza kwenye bomba linalochemka. Likamuunguza mgongo akiwa ameuma meno hajatoa hata sauti, na tatuu ya pale ikaondoka na ngozi. Kipande cha ramani kimepotea. Sasa ili akipate, ikabidi ajipeleke wadi ya wagonjwa wa akili kwa Haywire, kwa sababu yule kichaa alikuwa ameikariri ile michoro kwa kuikodolea macho usiku. Yaani kosa moja, sekunde chache za bomba la moto, limezaa stori mpya ambayo hakuna aliyeipanga.

Sizoni yote iko hivyo ukiangalia vizuri. Tunamsifia Michael kwa mpango, mpango, mpango, lakini mpango wenyewe ulikuwa unavunjika kila baada ya dakika 10. Vidole vyake vya mguu vilikatwa, hiyo haikuwa kwenye tatuu. Alizima kiyoyozi ili apate muda wa kuchimba, wafungwa wakafanya fujo, Dokta Sara akazingirwa zahanati, ikabidi apite juu ya dari kumfuata. Tulikuwa hatulali kwa sababu tulitaka kujua kesho anatokaje kwenye balaa la leo.

Kwenye gemu balaa la leo linafutwa. Ukikosea, gemu inakusafishia inakurudisha, na askari hana kumbukumbu yoyote ya wewe. Kwahiyo hofu hakuna. Kuna kuchoka tu.

Nilimtetea kidogo

Wiki ya pili hasira zilipungua nikaanza kumtetea Tom Paxton. Nilisema labda hawa wa Slovenia ni wajanja kuliko ninavyodhani. Hebu fikiria, mtu anayechungulia mlangoni, anamfuata Scofield gizani, anasikiliza maongezi yasiyomhusu, hana la kufanya ila kuangalia. Si ndo sisi hao? Si ndo wale vichwa dirishani kwa braza? Labda walitaka kutuambia mtazamaji ndo mpelelezi. Niliipenda sana hii hoja, siku mbili nilitembea kifua mbele.

Na pia wangefanyaje? Wangenipa Scofield ningekuwa nafanya nini, naminya tyubu kwenye tundu la sakafu kila siku? Mpango wa Michael tunaujua wote, gemu ya kutekeleza mpango unaoujua ni kama kupewa mtihani na majibu yake. Wale wa 24: The Game ya PS2, 2006, gemu ya sizoni ya 24, walitoa Jack Bauer, shujaa wake mwenyewe, na sauti ya Kiefer Sutherland, ila walikuwa na nafasi, waliichomeka stori yao katikati ya sizoni ya pili na ya tatu ambapo sisi hatukuwepo. Fox River ya sizoni ya kwanza haina hiyo nafasi, kila kona imejaa.

Afu kuna kampuni ya Telltale, ile gemu yao ya sizoni ya Game of Thrones iliyoanza 2014. Nao hawakukupa mastaa wake kama Jon Snow wala Tyrion, walikupa ukoo wa Forrester, watu wa pembeni huko kaskazini wanaolinda msitu wao, na Tyrion unakutana naye tu kama unavyokutana na waziri kwenye msiba, na sauti ni ya Peter Dinklage kabisa. Nililia kwenye ile gemu. Mtu wa pembeni nilimpenda. Mara nyingi uchaguzi wangu ulikuwa haubadilishi mengi, naelewa, lakini gemu ilikuwa inakubeba na ulichokisema. Ulimjibu malkia jeuri, amekumbuka. Umekosea, unaenda mbele na kosa lako.

Kwahiyo mtu wa pembeni siyo tatizo. Hapo hoja yangu ya mtazamaji ikaanza kulegea, mana kama Paxton ni sisi, mbona sisi dirishani tulikuwa na raha na huyu hana?

Nikakwama. Siku nne hivi nimekwama.

Bomba

Jibu lilikuja kijinga. Sinki la jikoni lilikuwa linavuja, nikampigia braza, akasema atakuja Jumapili, na kabla hajakata simu akaniuliza kama kawaida yake: "Kuna mtu mwingine aliyeligusa?" Huwa anauliza hivyo mana kazi inayomchukulia muda zaidi ni kurekebisha alichorekebisha mwenzake.

Nikabaki nimeshika simu.

Yule fundi wa Fox River! Kuna mtu, simkumbuki jina na sidhani hata kama tulipewa, siku moja alikwenda kazini akakuta bomba la chini ya zahanati limeoza. Hakujua tatuu. Hakujua Lincoln Burrows ni nani kwenye haya mambo, wala Company, wala kaka wa makamu wa rais ambaye Lincoln alisingiziwa kumuua. Alikuwa na spana na bomba jipya. Akatoa la zamani akaweka jipya, akakaza, pengine akasaini karatasi, akaenda kula. Na kwa kufanya hivyo akavunja mpango uliomtoa jasho injinia mwenye akili kuliko wote kwenye tivii ya dunia.

Yule ni mtu wa pembeni. Pembeni kabisa, hana hata sura. Na mchango wake kwenye stori ile ni mkubwa kuliko wa Tom Paxton anayemfuata Scofield gemu nzima na sauti ya siri sikioni.

Paxton anaona kila kitu na hagusi kitu. Haruhusiwi kugusa, mana akigusa sizoni inabadilika, na sizoni ni ya wenyewe, lazima Scofield atoroke kama alivyotoroka. Kwahiyo wanamzungusha. Wanampa ngumi apigane usiku, vyuma anyanyue, tatuu zisizo na maana, vikaratasi vya kwenda kuiba ofisini, na kila akifika mahali penye jambo wenyewe wameshapita. Sisi dirishani angalau tulikuwa tunapiga kelele. Tulikuwa tunabishana. Braza alikuwa anapause.

Mimi ningecheza gemu ya yule fundi. Nawaambia ukweli. Umepewa funguo za jela nzima na toroli la vifaa, kila siku kuna kitu kimeharibika na kwa namna ya ajabu kabisa, skrubu imetoweka kwenye ngazi za uwanjani, sinki la seli fulani linacheza, tundu la sakafu linanuka kemikali, na wewe unaamua: narekebisha, naripoti, au napita kama sijaona? Ukirekebisha unamnyonga Lincoln bila kujua. Usiporekebisha unafukuzwa kazi, na una watoto. Hapo Scofield ni kijana mpole tu wa selini anayekusalimia vizuri kupita kiasi.

Haitatengenezwa, najua.

Kuhusu hii iliyopo, kama mnataka maksi, mimi siyo mwalimu. Ukiipata bure na una mapenzi ya zamani, cheza saa moja, sikiliza sauti, zunguka uwanjani, mwangalie Bellick, mkuu wa askari, usoni halafu zima. Kama hukuwahi kuipenda Prison Break hapa hakuna atakayekushawishi. Mimi niliimaliza, kwa ubishi. Mwisho wake siusemi, japo hakuna atakayenidai.

Jumapili

Braza alikuja na begi lake, akamaliza sinki kwa dakika 15 na kulaumu kwa dakika 40. Nikamwambia njoo kwanza ukae, kuna kitu nataka ukione. Nikawasha PS3. Muziki ulipoanza akasema "Aah! Aah, acha wewe!" na akakaa kwenye kochi na buti zake, mke wangu akaangalia buti, akaniangalia mimi.

Nikampa pedi. Dogo akamfundisha: hii kutembea, hii kuangalia, hii kuchutama, mjomba mkubwa usikimbie watakusikia. Alikuwa anamwendesha Paxton kama anasukuma friji, anagonga ukuta, anageuka, anagonga ukuta mwingine. Akafika korido yangu ya mara tisa. Maboksi yale. Askari yule. Mimi na dogo tumetulia tunamwangalia.

Hakujificha. Alikuwa ameinua kamera juu, anaangalia dari.

"Mjomba mkubwa, askari!"

"Subiri." Akasogea hadi karibu kabisa na tivii, kidole juu. "Hebu ona hili bomba. Limetoka kule, limekuja hapa, likaingia ukutani. Upande wa pili si ndo uwanjani? Sasa maji yanakwenda wapi?"

Askari akamuona. Rudi mwanzo.

"Linatoka kule," akasema, "linakuja hapa," na tayari alikuwa anamtembeza Paxton katikati ya korido, taa zote zinamulika, kulifuata.